Mawakili wa Mtaa wa Lumumba

Kesi ya Kapenguria ilipoanza kusikilizwa mwishoni mwa 1952, upande wa utetezi ulikusanya watu wa pande nne za dunia. Kiongozi wao, D.N. Pritt, alikuwa Mwingereza. H.O. Davies alitoka Nigeria, Diwan Chaman Lall alitoka India. Dudley Thompson, Mjamaika, alikuwa akifanya uwakili Moshi, upande wa Tanganyika. Nairobi ilitoa Achhroo Kapila na Jaswant Singh, wote Wahindi, pamoja na kijana wa Kigoa, Fitz de Souza. Waliokuwa kizimbani ni Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng' Oneko. Waafrika watupu. Kwenye meza ya mawakili wao hakukaa Mwafrika hata mmoja mzaliwa wa Kenya.

Hali hiyo ilikuwa na mwenyewe. Makerere, chuo pekee kilichopokea vijana wa nchi zote za Afrika Mashariki wakati huo, kilifundisha udaktari, ualimu, kilimo na tiba ya mifugo. Sheria haikufundishwa pale, wala mahali pengine popote kati ya Mombasa na Kigoma. Kijana aliyepata msaada wa serikali kwenda Uingereza alitarajiwa arudi mwalimu au mganga. Watawala walikuwa wameshaona yaliyotokea kwingine: India ilikuwa imewatoa Gandhi, Nehru na Jinnah, wote mawakili waliosomea London, na Gold Coast ilikuwa na J.B. Danquah. Wakili alijua kusoma amri ya gavana na kuuliza imetoka kifungu gani. Mtu wa namna hiyo, kwa macho ya ofisi ya koloni, alikuwa mwanasiasa aliyevaa tai.

Kulikuwa na hoja nyingine pia, ya unyenyekevu zaidi kwa sura yake: kwamba Mwafrika hana haja ya wakili. Mashauri yake ya ng'ombe, mahari na mipaka ya shamba yalisikilizwa na machifu, maliwali na maakida katika mabaraza ya wenyeji, na humo mawakili hawakuruhusiwa kuingia. Mahakama zenye majaji wa majoho na vitabu vya Kiingereza zilikuwa za Wazungu na wafanyabiashara wa Kihindi. Mwafrika alifika huko kama mshitakiwa, shahidi au mkalimani. Mkalimani ndiye aliyekuwa karibu zaidi na sheria. Alisikia kila neno la hoja za pande zote, akalitamka kwa lugha mbili, na jioni akarudi nyumbani bila haki ya kutoa hata hoja moja ya kwake.

Aliyetaka kuvuka mstari huo alipaswa kufika London na kuingia katika moja ya nyumba nne za mawakili: Lincoln's Inn, Gray's Inn, Middle Temple au Inner Temple. Mitihani ilikuwepo, lakini si hiyo iliyowashangaza wageni. Ili aitwe kwenye uwakili, mwanafunzi alipaswa kula. Alitakiwa kuhudhuria mihula 12, na kuhudhuria maana yake kukaa ukumbini na joho begani, akala chakula cha jioni idadi ya siku zilizowekwa katika kila muhula. Walikaa wannewanne, na chupa za mvinyo ziligawiwa kwa kila wanne. Gandhi aliyeingia Inner Temple mwaka 1888 alieleza baadaye jinsi wenzake walivyomgombania mezani, kwa sababu hakunywa na fungu lake liliwabakia wao. Kwa mtoto wa Mwingereza mwenye nafasi, dina hizo zilikuwa darasa la siri: hapo alikutana na wakili mkubwa atakayempa nafasi ofisini kwake, akajua nani ni nani na kesi zinakuja kwa njia gani. Mgeni kutoka Gem au Bukoba alikula chakula kilekile, akalipa ada ileile, kisha akapanda meli kurudi kwao ambako hakuna hata mmoja wa waliokaa naye mezani angeweza kumsaidia.

Chiedo Moa Gem Argwings-Kodhek alikuwa mmoja wao. Alizaliwa 1923, akasoma Makerere, akafundisha shule, na mwaka 1947 akapata nafasi ya kwenda Uingereza kusomea masomo ya jamii. Alipofika huko akageukia sheria, jambo ambalo waliomlipia hawakulikusudia. Aliporudi Kenya akapewa kazi katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu kwa mshahara wa theluthi moja ya ule wa Mzungu mwenye kazi hiyohiyo. Akakataa, akafungua ofisi yake mwenyewe Nairobi, mji uliogawanywa mitaa kwa rangi za watu wakati yeye mkewe ni Muairishi.

Kazi iliyomsubiri haikuwa ya mtu anayeanza. Ilikuwa enzi ya Hali ya Hatari, na kukutwa na risasi moja mfukoni kulitosha kumpeleka mtu kwenye kitanzi. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa katika miaka ya vita vya Mau Mau. Argwings-Kodhek alisimama kuwatetea washitakiwa wa kesi hizo mbele ya majaji walioharakishwa kuzimaliza, na kwa kazi hiyo akaitwa wakili wa Mau Mau. Wakati huohuo akaingia siasa. Mwaka 1955, vyama vya Waafrika viliporuhusiwa kwa ngazi ya wilaya tu, aliongoza kile cha Nairobi, na mwaka 1957 akashindwa na Tom Mboya katika uchaguzi wa kiti cha mji huo. Jina lake lilifutwa kwenye orodha ya mawakili kabla ya uhuru. Baada ya uhuru akawa waziri, na Januari 1969 akafa katika ajali ya gari jijini Nairobi, kwenye barabara ambayo sasa inaitwa kwa jina lake.

Watu humkumbuka kwa ushujaa, na ni haki yake. Lakini kuna jambo la kikazi ambalo sifa hizo hulifunika. Argwings-Kodhek hakuwa na mkubwa. Hakuna wakili Mwafrika aliyemtangulia nchini mwake ambaye angemwambia jaji fulani hapendi hiki, faili la namna hii lifungue hivi, malalamiko ya nidhamu yajibu kabla hayajafika mezani. Alibebeshwa mzigo wa uongozi siku ile ile aliyotundika kibao mlangoni.

Uganda ilitangulia kidogo, maana familia za Buganda zenye ardhi ziliweza kuwalipia watoto wao wenyewe. Apollo Kironde, Godfrey Binaisa na Benedicto Kiwanuka wote walipitia London. Binaisa alikuja kuwa Mwanasheria Mkuu na baadaye, kwa kipindi kifupi, rais. Kiwanuka alikuwa waziri mkuu wa kwanza, kisha Jaji Mkuu wa kwanza mzalendo. Mwaka 1972, mara tu baada ya mahakama yake kuamuru aachiliwe Mwingereza aliyezuiliwa na wanajeshi, watu wa Idi Amin walimfuata Mahakama Kuu Kampala asubuhi ya tarehe 21 Septemba, wakamchukua ofisini. Hakuonekana tena.

Tanganyika ilikuwa nyuma ya wote. Julius Nyerere alipofikishwa mahakamani Dar es Salaam mwaka 1958 kwa makala ya gazeti la Sauti ya TANU yaliyowashutumu maofisa wa wilaya, alitetewa na Pritt yuleyule wa Kapenguria, akisaidiwa na Mahmud Rattansey na K.L. Jhaveri, mawakili wa Kihindi waliokuwa marafiki wa TANU. Alitozwa faini ya pauni 150 au kifungo cha miezi sita, akalipa. Chama kilichokuwa kinajiandaa kushika nchi kilikuwa na walimu, makarani, wafanyabiashara na madereva wa kutosha. Mawakili wake kilikuwa kinawaazima.

Kenya nayo iliazima, na safari hii kutoka mbali zaidi. Mwanzoni mwa 1960 wajumbe Waafrika walipokwenda Lancaster House, London, kujadili katiba, mshauri wao wa sheria alikuwa Thurgood Marshall, Mmarekani mweusi aliyealikwa na Mboya. Marshall alikataliwa mlango katika jimbo lake, maana chuo kikuu cha Maryland hakikuchukua weusi kusomea sheria, hivyo akasoma Howard, Washington, akamaliza mwaka 1933. Mlezi wake huko, Charles Hamilton Houston, aliwafundisha wanafunzi wake kwa nia moja, kwamba waje kubomoa ubaguzi mahakamani, na mwanafunzi akishahitimu alimwita akabebe faili pamoja naye. Ndivyo walivyoshinda pamoja kesi ya kukifungua chuo kilekile cha Maryland, miaka michache baada ya Marshall kutoka darasani. Hapo London, Marshall aliandika rasimu ya haki za msingi kwa ajili ya Kenya, na jambo lililomshughulisha zaidi lilikuwa usalama wa walio wachache, maana yake Wazungu na Wahindi watakaobaki chini ya serikali ya Waafrika. Mambo hayo yana kejeli yake. Mzao wa watumwa ndiye aliyetoka ng'ambo kuja kuandika ulinzi wa mali za walowezi.

Mwaka huohuo wa 1960 Serikali ya Uingereza iliunda kamati chini ya Jaji Denning kuangalia elimu ya sheria kwa wanafunzi wa Afrika. Taarifa yake ilitoka mapema 1961, na takwimu zake zilikuwa aibu tupu: nchi zilizokuwa zinakaribia uhuru zilikuwa na mawakili Waafrika wa kuhesabika kwa vidole. Kamati ilisema mafunzo ya London humfanya kijana kuwa wakili wa mahakama za Uingereza, si wa kwao. Hajui sheria ya ardhi ya nchi yake wala mila za ndoa za watu wake. Ikapendekeza kitivo cha sheria kijengwe Afrika Mashariki, na mahali pake pawe Dar es Salaam.

Kwa nini Dar? Kampala ilikuwa na Makerere, Nairobi ilikuwa na chuo chake cha ufundi na biashara, Tanganyika haikuwa na kitu. Sheria pia haikuhitaji maabara. Ilihitaji vitabu, viti na mtu wa kusema. Mpango ulikuwa kufungua chuo miaka kadhaa baadaye, lakini viongozi wa TANU hawakutaka kusubiri. Wakatoa jengo jipya la chama lililokuwa katika mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, karibu na Mnazi Mmoja, mahali ambapo mpaka sasa kuna ofisi ndogo ya CCM, chama kilichoirithi TANU. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita na siku chache kabla ya uhuru, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza hapo na wanafunzi 14. Wote walikuwa wa sheria. Hapakuwa na kitivo kingine.

Mahali penyewe pastahili kuangaliwa. Mnazi Mmoja ni uwanja wa mikutano, na ng'ambo yake ni Kariakoo yenye soko na makelele yake. Wanafunzi walisoma ndani ya nyumba ya chama tawala, na katika miezi ambayo nchi ilikuwa inaandika sheria zake za kwanza kama taifa huru. Mkuu wa kitivo alikuwa A.B. Weston. Miongoni mwa walimu wa mwanzo alikuwemo kijana wa miaka 27, William Twining, aliyezaliwa Kampala na kutoka kufundisha Khartoum. Baba yake, Sir Edward Twining, alikuwa gavana wa Tanganyika kuanzia 1949 hadi 1958, mtu aliyepambana na TANU kwa kila hila. Sasa mtoto wa gavana alikuwa anafundisha sheria ndani ya jengo la TANU, na waliomsikiliza walikuwa ndio watakaokuja kukalia viti ambavyo serikali ya babake haikutaka Mwafrika avikaribie. Hakuna mwandishi wa riwaya ambaye angethubutu kubuni jambo hilo.

Shida ya kwanza ilikuwa vitabu. Vya sheria ya Uingereza vilikuwepo, lakini hapakuwa na kitabu cha kufundishia sheria ya makosa ya jinai ya Tanganyika, au ya ardhi ya Kenya, au ya mikataba kama mahakama za Afrika Mashariki zilivyoielewa. Walimu wakachambua hukumu za mahakama za hapa, wakazichapa na kuzigawa. Mwanafunzi hakupewa jibu. Alipewa hukumu, akaulizwa jaji alikosea wapi. Kwa kijana aliyelelewa katika shule za misheni, ambako mwalimu hajibishwi, huo ulikuwa mwanzo mpya kabisa. Wanafunzi wakaunda chama chao, wakakiita Denning Law Society, na wakaanzisha jarida lao la sheria wakiwa bado hawajahitimu. Mwaka 1963 alifika Yash Ghai, Mkenya mwenye asili ya Kihindi, ambaye baadaye alikuwa mkuu wa kitivo wa kwanza kutoka Afrika Mashariki yenyewe.

Chuo kilihamia Mlimani mwaka 1964. Kwa miaka kadhaa kitivo hicho kilibaki kuwa cha eneo zima, mpaka Makerere na Nairobi zilipoanzisha vya kwao kuelekea 1970. Vijana wa Kenya, Uganda na Tanzania waliishi bweni moja na kugombana usiku juu ya mambo yaleyale. Ukifuata majina yao unapata ramani ya uongozi wa ukanda huu kwa nusu karne: Joseph Warioba, Amos Wako, Samuel Sitta, Issa Shivji, Willy Mutunga, Effie Owuor, Julie Manning.

Ni rahisi kusema walikuwa na vipaji, na bila shaka walikuwa navyo. Lakini vipaji vilikuwepo pia kwa wakalimani wa mahakama za kikoloni. Kilichobadilika ni kazi waliyopewa na umri waliopewa nayo. Mark Bomani, aliyesomea London, alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Tanzania mwaka 1965 akiwa na miaka 33, akipokea kiti kutoka kwa Mwingereza Roland Brown. Warioba alihitimu 1966. Miaka kumi baadaye alikuwa Mwanasheria Mkuu, na mwaka 1985 akawa Waziri Mkuu. Francis Nyalali, ambaye naye alimalizia masomo Uingereza, alikuwa Jaji Mkuu mwaka 1977 akiwa na miaka 42, akakaa kitini kwa miaka 23. Katika nchi zenye mawakili wengi, mtu wa umri huo bado anabebea wenzake majalada.

Tena, tofauti na Argwings-Kodhek, hawa walikuwa na wakubwa. Philip Telford Georges, mwanasheria wa Trinidad, alikuwa Jaji Mkuu wa Tanzania kuanzia 1965 hadi 1971, kisha kiti kikaenda kwa Augustine Saidi, na kutoka kwake kikaenda kwa Nyalali. Palikuwa na ngazi, na kila ngazi ilikuwa na mtu. Serikali ndiyo iliyokuwa mlezi, na ililea kwa mkono mzito. Mwanasheria mpya alipelekwa ofisi ya Mwanasheria Mkuu akaandae miswada na kuendesha mashitaka, huku juu yake kuna mtu anayesahihisha kwa wino mwekundu.

Mkono huo ulionekana vizuri Oktoba 1966. Serikali ilikuwa imeamua kuwalazimisha wahitimu kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, kisha kufanya kazi kwa sehemu ndogo ya mshahara hadi miaka miwili itimie. Tarehe 22 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho, na bango mojawapo likadai enzi ya ukoloni ilikuwa afadhali. Nyerere aliwasikiliza, akageuza hasira yake kwa mishahara ya wakubwa wote, akaanza na wake mwenyewe kwa kuupunguza asilimia 20, kisha akawarudisha wanafunzi karibu 400 vijijini kwao. Miongoni mwa waliofukuzwa alikuwemo Samuel Sitta, mwanafunzi wa sheria. Alirudishwa baadaye, akahitimu 1971, na mwaka 2005 akachaguliwa kuwa Spika wa Bunge. Wengi waliokuwa kwenye maandamano yale waliyaona kuwa somo kubwa kuliko yote waliyoyapata chuoni, ingawa hawakukubaliana somo lenyewe lilikuwa lipi.

Malezi ya serikali yalikuwa na gharama. Karibu kila mhitimu wa miaka ile aliingia serikalini, mahakamani au katika mashirika ya umma. Mwaka 1970 likaundwa shirika la umma la mawakili, lililojulikana kama TLC, kuyahudumia mashirika mengine ya umma. Uwakili wa kujitegemea ulibaki kwa Wahindi wachache wa mjini, na baada ya Azimio la Arusha wengi wao wakahama. Kwa hiyo nchi ilikuwa na majaji wazalendo, mawaziri wazalendo na waandishi wa sheria wazalendo, lakini mjane wa Dodoma aliyenyang'anywa shamba hakuwa na wa kumsemea, kama tu bibi yake enzi za liwali. Kwa hesabu ya haki, mtu anaweza kuuliza uhuru ulimbadilishia nini.

Kenya ilishika njia nyingine. Shule ya Sheria ya Kenya ilifunguliwa Nairobi mwaka 1963, ikafuata mtindo wa Kiingereza wa kumweka kijana ndani ya ofisi ya wakili miaka kadhaa huku akisoma. Mawakili Wazungu waliuamini mtindo huo kuliko digrii ya Dar, na sababu yao haikuwa ya kitaaluma tu: anayechagua karani wa kumfundisha ni mwenye ofisi. Hata hivyo njia hiyo ilitoa mawakili wa kujitegemea wengi zaidi, watu waliojua kufungua kesi, kudai ada na kumkabili jaji bila cheo cha serikali mgongoni. Miaka ya 1980 na 1990, vita vya vyama vingi vilipoanza, Kenya ilikuwa na kundi la mawakili wa kusimama upande wa pili wa meza ambalo Tanzania haikuwa nalo. Mutunga, mhitimu wa Dar aliyerudi kufundisha Nairobi, aliwekwa kizuizini mwaka 1982. Mwaka 2011 akawa Jaji Mkuu.

Mlimani penyewe jibu lilitoka chini. Mwaka 1967 walimu na wanafunzi wa kitivo waliunda kamati ya msaada wa kisheria. Mtu asiye na hela alifika, akakaa mbele ya mwanafunzi wa mwaka wa tatu na mwalimu wake, akatoa kwenye mfuko wa plastiki makaratasi yake: barua ya kufukuzwa kazi, hati ya hukumu, risiti ya kodi ya nyumba. Mwanafunzi aliandika maelezo, mwalimu akasoma, wakakubaliana la kufanya. Kwa macho ya mwandishi huyu, meza hiyo ilifanya zaidi ya mihadhara. Hapo kijana alibeba shida ya mtu halisi huku mkubwa akimwangalia kwa karibu, kabla hajapewa gari na ofisi.

Upande wa mahakimu ulikuwa na njia yake, isiyotajwa sana katika sifa za Mlimani. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963 iliondoa mabaraza ya machifu na kuweka mahakama za mwanzo nchi nzima. Huko Kiswahili kilitawala tangu siku ya kwanza, na mawakili walizuiwa kama zamani. Mahakimu wake walifunzwa Mzumbe, wengi wao vijana wasio na digrii, nao ndio waliosikiliza mashauri mengi kuliko majaji wote wa Mahakama Kuu kwa pamoja. Mtoto wa mkulima aliyekaa kwenye kiti hicho alihukumu wazee waliokuwa na umri wa babu yake, na wazee wa baraza wakiwa pembeni yake. Kama kuna mahali sheria ilipata sura ya wananchi, ni huko.

Wanawake walikuja kwa idadi ndogo mno. Julie Manning alikuwa mwanamke wa kwanza wa Tanganyika kusoma sheria Dar es Salaam. Mwaka 1975 Nyerere alimteua Waziri wa Sheria akiwa na miaka 36, pamoja na Tabitha Siwale, wakawa mawaziri wa kwanza wanawake nchini. Effie Owuor alirudi Kenya, akawa hakimu wa kwanza mwanamke, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 jaji wa kwanza mwanamke wa Mahakama Kuu. Kwa miaka mingi kila mmoja wao alikaa peke yake katika chumba cha wanaume, akiwa na upweke unaofanana na wa Argwings-Kodhek, isipokuwa wao walikuwa na mishahara kamili. Waliofuata hawakutaka kurithi upweke huo. Wakaunda vyama vya wanasheria wanawake: FIDA ilianza Kenya mwaka 1985 na TAWLA ikaundwa Tanzania mwaka 1989, na vyote viwili vilifanya kazi mbili kwa wakati mmoja: kumtetea mama aliyefukuzwa kwenye nyumba ya marehemu mumewe, na kumpa wakili mwanamke anayeanza kesi ya kuendesha na dada wa kumuuliza maswali asiyothubutu kumuuliza bosi wake.

Mwaka 2014 wahitimu wa kitivo walikutana Dodoma, safari hii kama mahasimu. Warioba, mwenyekiti wa tume ya kukusanya maoni ya katiba mpya, alileta rasimu yenye muundo wa serikali tatu. Sitta, mwenyekiti wa Bunge Maalumu la Katiba, aliongoza kikao kilichoibadilisha. Andrew Chenge, mhitimu mwingine wa Mlimani na Mwanasheria Mkuu wa zamani, alisimamia kamati ya uandishi. Shivji alipinga serikali tatu kwa hoja zake mwenyewe. Kambi zote ziligombana kwa msamiati mmoja, wa darasa moja. Katiba yenyewe mpaka leo haijapigiwa kura ya maoni.

Wakati huo idadi ya wanaotaka kuwa mawakili ilikuwa imeshabadilika kabisa. Vyuo vya sheria vilikuwa vingi, vya umma na vya madhehebu, na mhitimu hakupelekwa tena moja kwa moja kwenye ofisi ya serikali. Tangu 2008 hupita kwanza Shule ya Sheria kwa Vitendo ya Tanzania, jijini Dar es Salaam. Mlango huo ni mwembamba. Oktoba 2022 matokeo yake yalipotoka, kati ya watahiniwa 633 waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Kelele zilikuwa kubwa, na serikali ikaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Wengine walilaumu vyuo, wengine walilaumu shule yenyewe, wengine wakalaumu lugha: mwaka uliotangulia Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, huku vyuo vikiendelea kufundisha na kutahini kwa Kiingereza.

Anayefaulu hupambana na ofisi. Mtoto wa wakili huingia kwa shangazi au kwa rafiki wa baba, akapewa faili wiki ya kwanza. Mtoto wa mkulima wa Sumbawanga hutuma barua za maombi kwa ofisi zisizomjua, na akipokelewa huenda akapitisha miezi akipeleka nyaraka masijala na kuomba tarehe za kesi kwa niaba ya wengine, bila posho ya maana. Pale Lumumba mwaka 1961 vijana 14 walikuwa na taifa zima likiwasubiri wahitimu. Mwenzao wa leo anangoja wakili mmoja tu wa kumruhusu akae kando yake mahakamani na kusoma faili kabla ya kesi kuitwa.